Barua Kutoka Lushoto: Pikapu Ijichaguliayo Magurudumu

Katika barua tulizozipokea mwezi huu imo moja iliyotoka Lushoto, katika milima ya Usambara, nayo imeandikwa na mama mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe. Ombi lake tumelikubali. Baada ya maamkizi ametueleza ya kuwa mumewe ana duka Lushoto na jingine dogo huko Mlalo, na kwa miaka 14 alikuwa akichukulia bidhaa zake katika Hilux ya zamani. Mwaka jana Hilux ile waliiuza, wakanunua pikapu nyingine iliyokwisha kutumika, kubwa zaidi, yenye viti vya watu 5. Karibu na gia pana swichi ya duara yenye alama nne: 2H, 4A, 4H na 4L. Tokea siku hiyo, asema, nyumbani hapana makubaliano.

Mumewe hataki swichi ile iguswe kabisa gari likiwa juu ya lami, kwani katika Hilux alifunzwa kuwa kufanya hivyo ni kulivunja gari kwa mkono wako mwenyewe. Mwanawe mkubwa, naye ndiye aendeshaye siku nyingi, huiweka katika 4A tokea alfajiri hata usiku, na husema kuwa gari hili lina akili, haliwezi kuteleza. Mwezi wa Aprili uliopita walikuwa wakishuka kwenda Mombo, mvua inanyesha, mama na wanawe wawili wadogo wamekaa kiti cha nyuma. Katika kona moja mwana alikanyaga breki, gari likateleza matako, likasimama ukingoni, tairi moja ikiwa nje ya lami. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini mama tangu hapo hapandi gari lile ila kwa shida.

Ametuuliza mambo mawili. La kwanza: mwenye haki ni nani, baba au mwana? La pili: fundi amewaambia kuwa tairi za nyuma zimekwisha kabisa na za mbele zimebakiwa na meno kidogo, kiasi cha milimita 3, akawashauri wanunue mbili mpya za nyuma na za mbele waendelee nazo. Je, wafuate shauri hilo?

Tutaanza na baba, kwa kuwa mkubwa hutangulizwa, na kwa kuwa afahamuye sababu ya Hilux yake kukatazwa lami amekwisha kufahamu nusu ya jambo lote.

Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, kisha ikafika katika sanduku la pili ambalo mafundi wetu huliita transfa. Katika transfa hutoka vyuma viwili virefu vizungukavyo, navyo ni propela: moja huelekea nyuma na moja huelekea mbele. Kila propela huishia katika difu, na difu ndiyo igawayo nguvu baina ya gurudumu la kulia na la kushoto, ikayaacha mawili hayo yazunguke kwa mwendo usiolingana pindi gari likatapo kona. Dereva akiwa katika 2H, propela ya nyuma peke yake ndiyo ipewayo nguvu. Akitia 4H katika gari la namna ya Hilux ile, propela zote mbili hufungwa pamoja mle ndani ya transfa kama ng'ombe wawili waliotiwa nira moja. Zazunguka sawasawa, na ya mbele haiwezi kuipita ya nyuma hata kidogo.

Sasa mtu aichukue pikapu ambayo toka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni mita 3.2, aipeleke katika uwanja wa mchanga, amwagie maji, kisha akate usukani na kulizungusha gari polepole, halafu ashuke atazame alama za tairi. Ataona kuwa magurudumu ya nyuma hayakuzifuata nyayo za mbele; yamepita ndani yake. Ya mbele yakichora duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 6, ya nyuma huchora duara la mita 5 na kidogo. Duara likitimia, ya mbele yamekwenda mita 37 na zaidi, ilhali ya nyuma yamekwenda mita 32 hivi. Mita 5 na zaidi hizo hazina budi kupatikana mahali. Katika tope au mchanga hapana taabu: tairi moja huteleza kidogo, hesabu ikalingana, na dereva asitambue. Juu ya lami kavu tairi haikubali kuteleza. Hapo vyuma hujisokota, usukani ukawa mzito, tairi zikalia, gari likawa kama limeshikwa na breki, na ukitaka kurudi 2H gia ya transfa hukataa kutoka. Akizidi kulilazimisha, kitu kitavunjika, na aghalabu huvunjika kile cha bei kubwa.

Basi baba alifunzwa kweli. Hilux zilizo nyingi katika nchi zetu, na kadhalika Land Cruiser za pikapu, ni za namna hiyo, na katazo lile lasimama hivi leo kama lilivyokuwa siku alipoambiwa.

Waundaji wa magari wameijua shida hii tangu zamani. Spyker ya Uholanzi ilikuwa imekwisha kuunda gari la nguvu katika magurudumu yote manne mwaka 1903. Land Rover za mwanzo kabisa, zilizotoka Uingereza mwaka 1948, zilikuwa zikipeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote, lakini katika njia ya mbele palitiwa kitu cha kuachia, mfano wa kile kilicho katika gurudumu la nyuma la baiskeli, ambacho ukiacha kukanyaga pedeli, gurudumu huendelea na safari yake. Kwa hicho, magurudumu ya mbele yakitaka kwenda mbio kuliko ya nyuma katika kona, huachiliwa yaende. Miaka michache baadaye kitu hicho kiliondolewa, ukawekwa wenzo wa kuchagua kwa mkono, na vivyo hivyo ndivyo wengi wetu tulivyokuja kuzijua Land Rover. Twamtaja mzee huyu kwa sababu swali alilojaribu kulijibu ndilo lile lile lililojibiwa na 4A: namna ya kuzifunga propela mbili kwa wakati unaohitajika tu, na kwa kiasi kinachohitajika tu.

Katika pikapu kubwa za Marekani, General Motors ilianza kuuza utaratibu wa kujiamulia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa jina la Autotrac. Leo upo katika pikapu nyingi za huko. Kwa upande wetu wa dunia, wengine wameujua kwa Ford Ranger iliyotoka mwaka 2022, ambayo baadhi ya aina zake zina 4A, na kwa ndugu yake Volkswagen Amarok mpya. Zote mbili huundwa katika kiwanda kimoja, Silverton, karibu na Pretoria.

Tuifungue transfa ya gari la namna hii. Ndani yake, mahali ambapo Hilux ina meno ya chuma yaingiayo au yatokayo, pana fungu la sahani nyembamba, zimepangwa moja juu ya moja ndani ya oili, kama zile za klachi ya pikipiki. Nusu ya sahani hizo huzunguka pamoja na njia ya nyuma, na nusu pamoja na njia ya mbele, moja ya huku na moja ya huku kwa zamu. Zikiwa zimelegea, hupishana zisishikane, na nguvu yote ikaenda nyuma. Zikibanwa kidogo, husuguana, na sehemu ya nguvu ikavutwa mbele kwa njia ya mnyororo. Zikibanwa sana, hushikana zikawa kitu kimoja, na gari likawa kama Hilux iliyotiwa 4H. Mtu ashikaye kamba inayokimbia ndivyo afanyavyo: akilegeza vidole kamba hupita, akikaza kidogo hupungua mbio, akifumba ngumi husimama.

Kinachobana ni mota ndogo ya umeme, au katika magari mengine sumaku ya umeme, na kinachoiamrisha ni kompyuta. Kompyuta nayo hupata habari kwa sensa zilizo katika kila gurudumu. Sensa hizo si ngeni. Ndizo zitumiwazo na breki za ABS, na kazi yake ni kuhesabu gurudumu linazunguka kwa mwendo gani. Gari likiwa katika 4A juu ya lami kavu, kompyuta huona kuwa mbele na nyuma zakaribiana, na katika kona huona tofauti ndogo ambayo yaijua kuwa ni ya kona. Sahani huziacha zipishane, na ndiyo maana usukani hauwi mzito wala vyuma havijisokoti. Tairi za nyuma zikifika penye utelezi na kuanza kuzunguka ovyo, hesabu huharibika mara moja. Hapo mota huambiwa ibane, nguvu ikaenda mbele, gari likatoka. Yote haya hupita kabla dereva hajawahi kusema neno. Magari ya karibuni hayangoji hata hilo: dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu gari limesimama, kompyuta hubana sahani mapema, kwa kuwa yajua kuwa hapo ndipo tairi za nyuma zipendapo kuteleza.

Na pikapu ina haja ya msaada huo kuliko gari jingine lo lote. Hili ni gari lililoundwa ili lichukue mzigo nyuma. Likiwa tupu, uzito uko mbele, penye injini, na magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yasukumayo, hayakulemewa na kitu. Aliyepata kuendesha pikapu tupu juu ya nyasi zilizolowa anajua lilivyo jepesi matako. Mwenye duka huenda Mlalo amejaza, akarudi mtupu, na yafaa ajue kuwa safari ya kurudi ndiyo yenye utelezi zaidi, ingawa njia ni ile ile.

Basi mwana naye, asemapo kuwa 4A haivunji gari juu ya lami, asema kweli. Imeundwa kwa ajili hiyo, yaani kwa barabara isiyo na hali moja: hapa lami kavu, pale maji, mbele udongo mwekundu ulioporomoka kutoka mlimani, kisha lami tena. Hilux yataka dereva atie na atoe kila mara, naye huchoka, mwisho akaacha kutia panapostahili au akasahau kutoa. Gharama ya 4A ni mafuta kidogo zaidi, kwa sababu vyuma vya mbele huzunguka wakati wote hata visipokuwa na kazi.

Lakini amesema neno la pili, kuwa gari haliwezi kuteleza, na hapo hatuwi pamoja naye.

4A huigawa nguvu ya injini. Haina jingine iwezalo kufanya. Gari likipanda mlima, likitoka katika tope, likianza mwendo penye maji, injini inavuta, basi iko nguvu ya kugawa. Gari likiteremka na mguu uko juu ya breki, injini haivuti, na 4A haina la kutoa. Breki ya kila gari, hata lile la magurudumu mawili ya kusukuma, hushika magurudumu yote manne. Kwa hiyo pikapu yenye 4A haisimami karibu zaidi kuliko isiyo nayo, wala haishiki kona kwa nguvu zaidi pindi ikishuka. Kinachoshika barabara ni mpira wa tairi, na sehemu ya kila tairi iliyogusa lami haizidi sana kiganja cha mkono.

Twaona pia hatari moja isiyotajwa na wauzaji. Katika 2H, dereva aanzapo safari asubuhi ya mvua, tairi za nyuma humteleza kidogo anapoondoka, naye akaambiwa kwa njia hiyo kuwa leo barabara si nzuri. Katika 4A habari hiyo haimfikii. Gari huondoka kwa utulivu, hupanda kwa utulivu, naye akadhani kuwa lami imekauka, mpaka afike katika kona ya kwanza ya kuteremka akiwa na mwendo ambao asingekuwa nao kama gari lingemwonya.

Sasa turudie maneno ya fundi, ambayo mama ameyaandika mwisho wa ukurasa kama jambo la kando: tairi za nyuma zimekwisha kabisa. Meno ya tairi yana kazi ya kuyatoa maji chini ya mpira ili mpira uguse lami. Tairi kipara haina mahali pa kuyapeleka maji, ikapanda juu yake. Gari limeteremka, halina mzigo ila watu, breki imekanyagwa katikati ya kona, mbele pana meno kidogo na nyuma hapana kitu: hapana ajabu kuwa ni nyuma kulikotangulia kuondoka. Hatukuwapo, na hatumhukumu kijana kwa mambo tusiyoyaona. Lakini kwa habari tulizopewa, swichi ile haikuwa na kosa wala haikuwa na msaada, na lililowafikisha ukingoni twalihesabu kuwa ni tairi na mwendo.

Kwa hiyo swali la pili la mama ndilo zito kuliko la kwanza.

Shauri la fundi ni shauri ambalo angempa mwenye Hilux, na kwa Hilux iendeshwayo katika 2H halina ubaya. Kwa gari la 4A laweza kuwa hasara. Mama ametuandikia nambari iliyo ubavuni mwa tairi zake, 265/65R17. Maana yake ni kuwa upana wa tairi ni milimita 265, kimo cha ubavu wake ni sehemu 65 katika 100 za upana huo, na rimu yake ni ya inchi 17. Tairi mpya ya namna hiyo ina kipenyo cha sentimita 77 na nusu, kupita kidogo. Ikiwa mpya ina meno ya milimita 10 na ya zamani imebakiwa na 3, basi ya zamani imepungua milimita 7 kila upande, yaani 14 kwa jumla. Ni kitu kidogo machoni. Lakini katika kilomita moja tairi mpya huzunguka mara 410, na ile iliyolika huzunguka karibu mara 418. Katika kilomita 100 tofauti hupita mara 700.

Kompyuta haijui kuwa fundi amefunga tairi mpya nyuma. Ijuacho ni kwamba mbele kwazunguka kuliko nyuma, barabara imenyooka, na tofauti hii haiishi. Sahani zile, ambazo zilipangwa zisuguane kwa nukta chache na kisha zipumzike, huwa zasuguana safari nzima. Hupata moto, oili ikaungua, zikalika, na siku moja taa ya hadhari ikawaka. Hapo transfa yataka kufunguliwa, na bei ya kazi hiyo hupita bei ya tairi nne na tano.

Jibu letu, basi, ni kwamba wanunue nne, za kiwanda kimoja na za namna moja, kwa maana hata tairi mbili zenye nambari moja zikitoka viwanda mbalimbali huweza kupishana kipenyo. Kisha wawe wakizibadilisha mahali, za mbele nyuma na za nyuma mbele, kila baada ya kilomita ambazo kitabu cha gari kimezitaja, ili zilike pamoja. Ikiwa fedha haitoshi kwa nne, wanunue mbili za nyuma upesi, kwa sababu mvua haitawangoja na tairi kipara hazistahili kubeba watoto, lakini waiache swichi katika 2H mpaka zile mbili nyingine zipatikane. Katika 2H sahani zimeachiliwa, na tofauti ya tairi haiwi mzigo juu yake. Vivyo hivyo siku watakayofunga tairi ya spea isiyolingana na nyingine: 2H mpaka nyumbani, au mpaka kwa mziba pancha.

Maadamu tumefika katika transfa, tuseme na habari ya oili yake. Mafundi wengi wa kwetu wana desturi ya kutia oili moja katika giaboksi, katika difu na katika transfa, nayo katika magari ya zamani haikuleta madhara makubwa. Sahani hizi zataka oili yake maalumu, iliyotajwa kwa jina katika kitabu. Oili nzito ya difu huzifanya zishikane kwa mshtuko au zisishikane inavyotakiwa. Aliyenunua gari lililotumika hajui lilitiwa nini na mwenyewe wa kwanza, na ni fedha iliyotumika vema kuimwaga yote na kuanza upya. Na gari likiharibika njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yakiwa chini kabla ya kusoma kitabu kinasema nini. Baadhi yake transfa huungua kwa kuvutwa tu.

Twapenda kuwaonya wasomaji wengine pia, kwa kuwa alama hizi zinafanana lakini hazina maana moja. Mwenye Mitsubishi L200 yenye utaratibu uitwao Super Select ana 4H ambayo yaruhusiwa juu ya lami, kwa sababu katikati ya transfa yake imetiwa difu ya tatu, igawayo baina ya mbele na nyuma na kuyaacha yapishane. Ile iliyofungwa kwake ni 4HLc. Akiazima Hilux ya jirani na kuitia H4 juu ya lami kwa mazoea ya gari lake, atamharibia jirani yake. Na mwingine huona neno AUTO limeandikwa katikati ya gurudumu la mbele, juu ya habu, akadhani gari lake ni la namna tuliyoieleza. Silo. AUTO ile ni ya habu peke yake, kwamba hujifunga zenyewe dereva atiapo magurudumu manne, bila yeye kushuka na kuzifunga kwa mkono katika tope. Kuamua kutia au kutotia kungali juu yake.

Basi kwa njia yao wenyewe, Mombo hata Lushoto na Lushoto hata Mlalo, tungewashauri hivi. Huku bondeni, lami imekauka, 2H yatosha. Kupanda Lushoto siku ya mvua au ya ukungu, 4A, na baba asiwe na wasiwasi. Kushuka siku hiyo hiyo, 4A haina madhara, lakini kazi yote iwe ya gia nzito na mwendo wa polepole, na breki ikanyagwe kabla ya kona, gari lingali limenyooka. Ndani ya kona mguu uwe mwepesi. Wakiiacha lami kuelekea Mlalo wakati wa masika, 4A yafaa maadamu tope ni la hapa na pale. Wakiona mbele pana tope refu na zito, watie 4H kabla ya kuingia, wasingoje mpaka wamekwama, kwani sahani zikiachwa zisuguane muda mrefu katika tope hupata moto, na kompyuta ikaona hapana njia ila kuziachia ili zipoe. Nalo gari huwaachia mahali pabaya. Katika mteremko mkali wa udongo, wasimame, watie 4L, na waiache injini ilishike gari kwa magurudumu yote manne, breki iguswe kwa uchache. Wakirudi juu ya lami, 4H na 4L zitolewe papo hapo. Juu ya alama hizo mbili neno la baba ni la mwisho, na mwana amsikilize.

Limebaki jambo moja. Mama ameandika kuwa tangu mwezi wa Juni, gari linapokatwa kona polepole hapo uani kwao, chini husikika kitu kama kugonga, na gari husitasita kama linalotaka kuzimika. Tairi za nyuma ni kipara na za mbele zina meno, na mwana huliendesha katika 4A kutwa. Yawezekana kuwa sahani zimekwisha kuanza kuumia. Tunamwomba afanye jaribio hili kabla ya safari nyingine: injini ikiwa imepata moto, swichi iwekwe 2H, kisha gari likatwe kona ile ile kwa mwendo ule ule. Sauti ikinyamaza, wasirudie 4A mpaka tairi nne zifungwe na oili ya transfa ibadilishwe, halafu walijaribu tena. Ikiendelea hata katika 2H, shida iko mahali pengine, labda katika maungio ya propela au difu ya nyuma, na gari lisiende Mombo kabla fundi hajalilala chini kulitazama. Atuandikie ameona nini. Barua yake tutaitia katika ukurasa huu.